Jina Lililofutika Kwenye Shaba

Siku mliyoniaga pale karakana, mmoja wenu aliniomba niandike namna ya kung'arisha vyuma vya kamera za zamani, kwa sababu, alisema, mambo hayo nayabeba kichwani na kichwa changu kinaanza kuzeeka. Sikukasirika, alisema kweli. Nimeandika. Lakini nilipofika katikati niliona siwezi kuwaeleza kazi hii nikaruka jambo moja. Nyote mnaniita Futajina, na wengi wenu mlidhani ni jina la ukoo wetu kule Uvira. Sivyo. Naitwa Byamungu. Hilo lingine nililipata kazini, mbele ya watu, na nitawaeleza nililipataje.

Nilianza pale kama mfagiaji. Nilikuwa nimevuka mpaka wa Gatumba na mfuko mmoja wa nguo, sijui mtu mjini isipokuwa binamu wa mke wangu, na huyo binamu ndiye aliyesikia kwamba patroni, mwenye karakana ya kamera, anatafuta mtu wa kufagia. Enzi hizo kazi ilikuwa nyingi. Kila mtaa ulikuwa na studio ya picha, na kila studio ilikuwa na kamera iliyokwama, iliyoota kutu au iliyoangushwa na mtu ambaye, kwa maelezo ya mwenyewe, hakuwahi kuiangusha. Meza zilikuwa tatu. Moja ya vifunga mwanga na magurudumu madogo ya ndani, moja ya ngozi na ile mikunjo ya mbele inayovutwa kama kinanda cha mkono, na moja ya vyuma. Meza ya vyuma ilikuwa ya Mzee Venansi.

Mzee Venansi alikuwa Mrundi wa bara, mrefu, shati lake limepigwa pasi hata siku ambayo umeme haukuwako. Na watu alizungumza Kiswahili, na vyuma alizungumza Kirundi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mbuzi aingie zizini. Aliniona naangalia meza yake nikiwa nimesimama na ufagio, akanipa kifuniko cha shaba kilichokuwa cheusi kama sufuria, akanipa na kitambaa. Akaniambia nisugue mpaka atakaponiambia niache. Nikasugua asubuhi nzima. Kifuniko kikawa kinang'aa hata najiona meno ndani yake, nikakipeleka kwa furaha. Akakigeuza mara moja tu. Akaniambia nimeshakiharibu, na kwamba alikuwa amengoja kuona kama nina akili ya kuacha mwenyewe. Mistari midogo ya kiwandani, ile inayokizunguka kifuniko ili kidole kisiteleze, nilikuwa nimeila yote.

Ndivyo alivyofundisha. Hakupiga kelele wala hakusifu. Kesho yake nilikuta kigoda cha pili kwenye meza yake, na ufagio ukapata mtu mwingine.

Sasa mambo ya vifaa, maana mliyaomba. Pamba safi, si kitambaa, kwa sababu kitambaa kinashika mchanga na mchanga unachora. Vijiti vya meno kwa pembe. Mswaki uliochakaa, kadiri ulivyochakaa ndivyo unavyofaa. Chokaa ya ubao, yaani chaki, iliyosagwa na kuchujwa kwenye soksi ya kike; zile za mwanzo zilikuwa za mke wa patroni, na hakuwahi kuulizwa. Ndimu kwa ile kutu ya kijani inayoota chini ya ngozi, lakini kwenye shaba iliyo wazi tu, na uifute kwa maji mara hiyo hiyo. Petroli kidogo kwa grisi iliyoganda. Mwisho nta ya mshumaa, nyembamba, ili mvuke wa ziwa usirudi kuifanya nyeusi kabla mteja hajafika kwake. Na kwanza kabisa, ondoa kioo. Nimeona fundi mwenye sifa akipaka chokaa kwenye pete kioo kikiwa bado ndani, kisha akatumia wiki nzima kumweleza mteja kwamba ukungu ule unaongeza uzuri wa picha.

Nikeli, ile ngozi nyeupe iliyopakwa juu ya shaba, muiogope kuliko vyote. Ni nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu. Ukizidisha mkono, unaanza kuona njano ya shaba chini yake, na mji huu hauna mtu wa kukurudishia ile nyeupe. Tulipopata gurudumu la kitambaa linalozungushwa na mota, Mzee Venansi alilitazama siku kadhaa kabla ya kuligusa. Alisema linafanya kazi ya siku kwa dakika, na kosa la mwaka kwa dakika hiyo hiyo.

Tulipata kesi ngumu. Kamera moja ilikuwa imezikwa chini ya sakafu ya nyumba wakati wa vita, imefungwa kwenye nailoni na mafuta ya mawese, na tulipoifungua tulitoa siafu kabla ya kutoa skrubu. Ya padri mmoja ilikuwa imemwagikiwa kitu, mwenyewe akasema ni maji, lakini chuma kilikuwa na rangi ya zambarau na karakana nzima ikanuka divai siku mbili. Mzee aliisafisha bila kusema neno. Padri alipokuja kuichukua, alimwambia tu kwamba maji ya namna ile ni vizuri yakae mbali na kromu.

Mke wangu aliniuliza baadaye niliijua lini habari ya macho ya Mzee Venansi. Sikumbuki siku. Mambo hayo yanakuja kama kutu yenyewe. Alianza kuniomba nimsomee namba za kamera, akisema miwani yake ni chafu. Akaanza kumwaga chokaa pembeni ya kisahani. Kisha nikaona hatazami tena chuma, anakipapasa kwa dole gumba, anakisikiliza. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili. Nyumbani kwake Gatumba alikuwa akilea wajukuu ambao baba yao hakurudi, na patroni wetu hakuwa mtu wa kumlipa fundi asiyeona. Basi nikahamisha kigoda changu karibu zaidi. Kazi za mistari myembamba zikawa zinakuja upande wangu bila yeye kuziomba wala mimi kusema nimezichukua. Wateja walimshukuru yeye, na mimi sikuona ubaya. Kila nilichokuwa nacho mikononi nilikuwa nimekipata kwake.

Ndipo akaja Madamu Glorioza.

Alikuwa mama wa makamo, anakaa Kigobe, anafanya kazi ofisi za serikali. Alikuja amebeba kamera ya studio, ile ya mbao yenye miguu mitatu, imefungwa kwenye kitenge kama mtoto. Ilikuwa ya marehemu baba yake, aliyekuwa mpiga picha miaka mingi. Mbao zilikuwa nzima, lakini pete kubwa ya shaba inayoshika kioo ilikuwa nyeusi yote, na mahali pengine kijani. Nilikuwapo alipotoa maelekezo. Kwenye ukingo wa pete baba yake alikuwa amechora jina lake kwa ncha ya sindano, herufi nyembamba, zimelala kidogo. Alimwonyesha Mzee Venansi kwa ukucha. Alisema ang'arishe pete lakini jina aliache, hata kama patabaki peusi. Mzee akaitikia, akapitisha dole gumba pale, akasema amesikia.

Siku iliyofuata patroni alinituma Gatumba kumpokea mfanyabiashara aliyekuwa akituletea dawa ya kung'arishia kutoka ng'ambo. Mpakani palikuwa na foleni, nikachelewa. Niliporudi, Mzee alikuwa amekaa mikono juu ya magoti, gurudumu limezimwa, na pete iko mbele yake juu ya pamba. Ilikuwa inang'aa pande zote. Niliichukua, nikaizungusha dirishani, nikaizungusha tena. Hapakuwa na herufi hata moja.

Sikumwuliza. Aliniuliza yeye, taratibu, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, kama inaonekana vizuri. Nikamwambia inang'aa. Nadhani kutokana na sauti yangu alielewa. Alitafuta kofia yake, akaenda nyumbani kabla ya saa za kutoka.

Madamu Glorioza alikuja siku mbili baadaye. Karakana ilikuwa imejaa, mafundi wote wako mezani, na wateja wawili wamekaa kwenye benchi. Patroni mwenyewe ndiye aliyemkabidhi, kwa madaha, akiigeuza pete ili imeremete. Mama yule akaitafuta sehemu yake kwa kidole. Akaizungusha mzunguko mzima. Kisha akauliza jina liko wapi.

Patroni akaitazama pete, akatutazama sisi. Akauliza ni nani aliyeifanya kazi hiyo.

Mzee Venansi alisimama. Niliona anasimama na nikamshukuru Mungu moyoni, kwa sababu nilijua ni mtu wa kusema jambo lake akiwa wima. Akasema, "Ni huyu kijana. Mi nilimuachia, nilikuwa na kazi ingine."

Vichwa vyote viligeuka kwangu. Nilifungua mdomo. Kama ningesema nilikuwa Gatumba, patroni angeweza kukumbuka, maana ni yeye aliyenituma. Lakini alikuwa mtu wa kutuma watu wengi na kusahau, na hasira ilikuwa imemjaa. Na kama angekumbuka, swali lingefuata, na baada ya swali hilo Mzee Venansi angeambiwa asome kitu mbele ya wote. Nilimtazama. Alikuwa amegeuza uso mahali alipodhani nipo, na hakuwa amepalenga sawasawa. Alikuwa anautazama ukuta. Nikafunga mdomo.

Madamu Glorioza alinisogelea. Hakupaza sauti, na ndiyo sababu watu wote walisikia.

"Baba yangu alipiga picha watu wa huu muji wote," alisema. "Yeye mwenyewe hatuna picha yake hata moja. Ile jina aliiandika na mukono wake. Ndiyo ilikuwa imebaki. Na we umemufuta."

Nilimwambia, "Pardon, Madamu." Ndiyo maneno pekee niliyopata. Hakuyapokea. Aliifunga kamera kwenye kitenge, akatoka. Fundi wa ngozi, ambaye kila siku alitafuta cha kuchekea, akasema kwa chini, "Futajina." Wale wa benchi wakacheka. Kufika jioni jina lilikuwa limevuka barabara.

Patroni hakunifukuza. Alinirudisha kwenye skrubu. Muda mrefu nilikaa na kisahani cha skrubu na mswaki, kama siku zangu za mwanzo, na wateja wapya waliambiwa mbele yangu wasihofu, huyu hagusi kitu chenye maandishi. Nilizoea kuinamisha kichwa mlango ukifunguka. Kule Kinama, mtaa tuliokuwa tukikaa, jina lilitangulia kufika nyumbani kuliko mimi. Kanisani mke wangu, Furaha, aliulizwa na mama mmoja kama ni kweli mumewe alimharibia yatima kumbukumbu ya baba yake. Alirudi akaniuliza. Nikamwambia ilikuwa bahati mbaya ya kazi. Sikumwambia zaidi, na aliona kuna zaidi, na tukaishi hivyo.

Mtashangaa nikisema kwamba kati yangu na Mzee Venansi hapakuwa na ugomvi. Ingekuwa afadhali. Aliniletea mahindi ya kuchoma, akaacha kuniletea. Aliniita jina langu kwa upole kuliko zamani. Nami sikuweza kumtazama usoni, na si kwa hasira. Nilimwonea aibu. Sijui kama mmewahi kumwona mtu mnayemheshimu akifanya kitu kidogo, kidogo kuliko yeye mwenyewe; unakuwa kana kwamba umemkuta hana nguo, na ni wewe unayetafuta mahali pa kujificha. Tulikaa bega kwa bega hivyo. Baada ya muda kazi nyembamba zikaanza tena kuteleza kuja upande wangu, maana hapakuwa na njia nyingine, nami nikazifanya nimeinama ili patroni asione ni mikono ya nani. Madamu mmoja alimletea Mzee zawadi ya sukari kwa kazi ambayo ilikuwa yangu. Alinigawia nusu. Niliipeleka nyumbani na hatukuweza kuinywa kwenye chai kwa raha, mimi angalau.

Siku yake ya kustaafu tulimfanyia tafrija ndogo, Fanta na mikate. Patroni alisema maneno mazuri. Mzee akaombwa naye aseme. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikingoja, kwa sababu niliamini ni siku hiyo atakayosema kweli. Alisema anaishukuru karakana, anawashukuru wenzake, anamshukuru Mungu aliyemlindia mikono. Akaketi. Nikapiga makofi na wengine.

Nikabaki na meza. Mji ukabadilika, studio zikafa moja baada ya nyingine, simu zikaingia, na kazi ikawa ya watu wanaotaka kamera ya babu ing'ae sebuleni. Patroni akamwachia mwanawe karakana. Ninyi mkaja. Mlinikuta naitwa Futajina na mkaniita hivyo kwa heshima zote, Muzee Futajina, na mara ya kwanza niliposikia hivyo nilikwenda chooni nikanawa uso.

Kisha maji ya mto Rusizi yakaingia Gatumba. Mnakumbuka, watu walihamia barabarani na magodoro yao. Furaha ndiye aliyesema niende nikamtafute yule mwalimu wangu. Nilimkuta kwenye hema la turubai, amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, suruali imekunjwa mpaka magotini, macho meupe kabisa. Binti yake, mama wa wale wajukuu, alikuwa amepata nafasi kwa ndugu wa mumewe, nafasi ya yeye na watoto tu. Nilimwita. Alinyoosha mkono, akanishika kiwiko, akasema jina langu kabla sijajitambulisha. Nikamleta Kinama.

Tulimpa chumba cha watoto. Alikuwa mgeni rahisi, anashukuru kwa kila kitu, na kushukuru kwake kulinichosha. Siku moja mchana tulikuwa tumekaa mlangoni, mimi nikimkata kucha, jirani akapita akanisalimu kama kawaida, "Futajina, habari ya kazi?" Nikamjibu njema. Watoto wa jirani wakacheza kidogo na jina, wakiwaita wanangu watoto wa Futajina, bila ubaya, kama watoto.

Mzee Venansi alivuta mkono wake kutoka kwangu.

"Wanakuita nani?" aliuliza.

Nilimwambia ni utani wa zamani. Aliuliza mpaka huku Kinama? Nikasema ndiyo. Aliuliza na watoto? Nikamwomba anirudishie mkono nimalize kucha. Yeye alikuwa ameusikia utani ule mezani tu, akadhani uliishia pale pale karakana, na kwamba alinigharimu miezi michache mibaya. Kisha akamwita Furaha, aliyekuwa akipembua maharage, akamwomba akae. Akamwambia yote, bila kujipunguzia kitu. Furaha aliacha maharage mapajani. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, na mimi nikaangalia zile kucha zilizokatwa chini.

"Unipeleke kwa yule mama wa Kigobe," Mzee akasema. "Kesho."

Nilijaribu kumzuia. Nilimwambia ni mbali, nilimwambia huenda amehama. Ukweli ni kwamba niliiota siku hiyo kwa miaka, nilikuwa hata nimeshajipangia maneno ambayo watu wangesema, na sasa ilipokuja niliogopa. Nilikuwa nimeanza kuupenda ule mzigo kidogo. Kuna nyakati nikisali nilijiona mtu mwema kwa ajili yake. Hilo pia naliona aibu.

Hakuwa amehama. Mlinzi alitufungulia baada ya maelezo marefu. Madamu Glorioza alikuwa amezeeka vizuri, nywele nyeupe zimekatwa fupi. Mimi alinitambua mara moja, nikaona uso wake unajifunga. Mzee Venansi alikataa kiti. Alisimama katikati ya baraza, kofia mkononi, ameelekea kando kidogo ya pale alipokuwa Madamu, ikabidi nimgeuze kwa bega. Akasema, "Madamu, ile jina ya baba yako ni mi niliifuta. Macho ilikuwa imekwisha kufa na nilificha. Huyu siku ile hakukuwako hata. Nilimusingizia."

Nilitamani kuwa mahali pengine popote. Nilifikiri nitaona raha, hata kidogo. Kumwona mzee yule amesimama hivyo kulinifanya nijione mimi ndiye niliyemvua nguo na kumleta barabarani.

Mama hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi.

"Na we ulinyamaza juu ya nini?"

Nikasema, "Alikuwa mwalimu wangu."

"Na mi nilikuwa nani?"

Hakungoja nijibu. Alisema, kwa sauti ile ile ya chini ninayoikumbuka, kwamba miaka yote ile alipita upande wa pili wa barabara asiuone mlango wetu. Alimchukia mtu asiyehusika. Aliwasimulia watoto wake habari za mtu asiyehusika. Kama ningesema siku ile, angemkasirikia mzee kipofu na huenda yangeisha mwezi ule ule. Tulikuwa tumepanga mambo yetu sisi wawili, mwalimu na mwanafunzi, akasema, na yeye tukamwacha nje, na jina lilikuwa la baba yake.

Aliingia ndani. Nilidhani ametufukuza kwa namna hiyo, nikamshika Mzee mkono tuondoke, lakini akarudi na ile pete, imeshakuwa ya kahawia tena. Akaiweka mikononi mwa Mzee Venansi, akamwambia amwonyeshe mahali jina lilipokuwa.

Mzee akaizungusha kwa dole gumba, taratibu sana. Akapita, akarudi, akasimama. "Ni hapa," akasema. "Iko kabonde. Ni mi nilikachimba." Mama akaweka kidole chake juu ya kidole cha Mzee, Mzee akakitoa chake, na cha mama kikabaki pale. Hakusema amesamehe. Alituletea maji ya kunywa, akamwuliza Mzee wajukuu wako wangapi, na alipotusindikiza alimshika mkono yeye kushuka ngazi. Mimi nilishuka peke yangu.

Mzee Venansi aliishi nasi hadi alipofariki, kwa amani kuliko nilivyotarajia. Baada ya siku ile alilala vizuri. Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Swali la yule mama lilikaa nami kazini na nyumbani. Nilikuwa nimeibeba aibu ile nikiamini ni ya mtu mmoja, nikihesabu nani anamdai nani kati yangu na Mzee, na sikuwahi hata mara moja kumweka yeye ndani ya hesabu.

Juma lililofuata tafrija yenu ya kuniaga, nilikwenda Kigobe peke yangu. Nilimpa habari za kifo cha Mzee, akatikisa kichwa, akasema alikuwa mtu mzima aliyechelewa kusema kweli. Kisha nikamwambia nimekuja kujibu lile swali. Nikamwambia nilinyamaza kwa sababu nilimwonea aibu Mzee, na kwamba yeye sikumfikiria. Nilisema hivyo tu. Nilikuwa nimeandaa mengi zaidi njiani, lakini yote yalikuwa ya kunitetea.

Alinitazama. Akaniambia sasa nimejibu. Kisha akaniuliza kama ile pete inaweza kusafishwa bila gurudumu, kwa mkono, na kama kazi hiyo mtu anaweza kujifunza katika umri wake. Alisema hataki fundi aiguse tena, hata awe nani.

Nilikuwa na pamba na karatasi ya chokaa mfukoni, ninyi mnajua siendi popote bila pamba. Akaileta pete, tukakaa barazani. Nilimwonyesha namna ya kuiviringisha, kiasi cha chokaa, na kwamba asibonyeze. Alishika pete kwa mkono wa kushoto, karibu mno na uso, na akaanza. Aliibonyeza sana. Alikwenda kwa miduara pale panapotaka kwenda moja kwa moja, na chokaa ilimwangukia kwenye kitenge. Alipofika mahali pale penye bonde dogo, alipunguza mkono mwenyewe, bila kuambiwa, akapazunguka, akapaacha peusi. Nilikaa pembeni yake na mikono yangu mapajani, nikamwacha afanye.